Wajibu wa Abakiye Juu

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wala sijapata kumwona mtu mwenye akili timamu akiukana ukweli huo. Walakini methali ni kama panga. Hufaa mkononi mwa ajuaye pa kukata. Nataka, msomaji wangu, tuitazame methali hii mahali ambapo dhiki hudumu dakika tatu au nne tu, mahali ambapo rafiki yako amelala chini, nawe u juu, na kati yenu hakuna kitu kionekanacho kwa macho ila ngazi na giza kidogo. Mahali hapo huenda pakawa tangi la kiwandani, au kisima, au shimo la maji machafu, au ghala refu la nafaka, au tumbo la meli. Mwenzako aliingia akiwa mzima, mkaongea, kisha akanyamaza. Unamwita, haitiki. Je, rafiki wa kweli ni yule arukaye ndani papo hapo, au ni yule abakiye juu?

Usidhani swali hili ni la kuchezea maneno. Miaka michache ijayo baadhi yenu mtakuwa mafundi na makarani katika viwanda vya sukari, saruji, ngozi na majani ya chai; wengine mtafanya kazi katika meli bandarini Kilindini; wengine mtakuwa wasimamizi, watu ambao neno lao moja humpeleka mtu chini au humzuia. Hata yule atakayerudi kulima kwao atakuta kisima kinachotaka kuchimbuliwa na choo kilichojaa. Swali litamfuata kila mmoja, na likimfikia halitampa nafasi ya kwenda kutafuta kitabu.

Yatupasa kwanza tujue hewa ni nini, maana katika jambo hili maadili hayawezi kutembea bila elimu. Katika kila sehemu 100 za hewa tuvutayo, karibu 21 ni oksijeni, nayo ndiyo ituwekayo hai. Sehemu hizo zikishuka kufika 16, moyo huenda mbio na akili huanza kukosea hesabu ndogo. Zikifika 10, mtu huzirai. Zikiwa chini ya 6, roho humtoka kwa muda wa dakika chache. La kutisha zaidi ni kwamba mwili hauna kengele ya kumwamsha. Ile hamu kali ya kuvuta pumzi tuionayo tukizama majini haitokani na upungufu wa oksijeni. Hutokana na kuzidi kwa kabonidayoksaidi mwilini. Basi mtu aingiapo katika tangi lisilo na oksijeni huendelea kupumua kwa raha, akiitoa kabonidayoksaidi yake kama kawaida, wala hahisi kukabwa, mpaka magoti yanapomlegea. Hana hata nafasi ya kuogopa.

Waweza kuuliza, nani aliyeiiba oksijeni hiyo? Mara nyingi mwizi ni kitu kisichoshukiwa hata kidogo. Kutu ni mwizi mmojawapo. Chuma kinachoota kutu hunywa oksijeni, na tangi la chuma lenye unyevu likifungwa siku nyingi hubaki na hewa isiyofaa kitu, ingawa halikutiwa sumu yoyote. Makaa ya mawe, magogo na nafaka katika tumbo la meli hufanya wizi uo huo. Molasi ya miwa ikianza kuchacha hutoa kabonidayoksaidi, ambayo uzito wake ni kama mara moja na nusu ya uzito wa hewa, kwa hiyo hutuama chini ya tangi kama maji yatuamavyo mtungini. Mtu aliyesimama juu ya ngazi hupumua vema. Akishuka vipandio vitano, amezama.

Tena kuna gesi ya uozo, iitwayo haidrojeni salfaidi, ambayo hutoka katika vyoo, katika mashimo ya taka za ngozi, na katika visima vya mafuta. Kwa uchache hunuka kama yai viza, na mtu husema moyoni, "Nikiisikia harufu nitatoka." Hilo ni kosa lililowaua wengi. Gesi hiyo ifikapo kiasi cha sehemu 100 katika kila milioni huipumbaza pua kwa dakika chache, na aliyekuwa akisikia uvundo huona umekwisha, akashukuru. Ikifika sehemu 1,000, pumzi moja au mbili zatosha kumwangusha. Mlinzi wa kwanza kuuawa ni pua, na mwenye nyumba hana habari.

Kwa elimu hii sasa rudi kwenye mlango wa shimo. Mwenzako ameanguka. Hakuanguka kwa kuteleza, wala kwa njaa, wala kwa kuwa ni mnyonge. Ameangushwa na kitu ambacho kingali kimo mle kikimngoja wa pili. Kifua chako si tofauti na chake. Ukiingia kama alivyoingia, utaanguka kama alivyoanguka, na kwa kuwa wewe unaingia mbio, unatweta, utaivuta hewa hiyo kwa wingi kuliko yeye.

Mwaka 2017, mtaani Mikindani huko Mombasa, simu ya mkononi ilitumbukia katika shimo la choo. Mtu akashuka kuitafuta, asirudi. Wengine wakamfuata, nao wasirudi. Watu watatu wakafa kwa ajili ya simu moja. Wala msiba wa namna hii si wa kwetu peke yetu, wala si wa watu wasiosoma peke yao. Taasisi ya taifa ya Marekani ishughulikiayo usalama na afya ya wafanyakazi ilitangaza mwaka 1986 kwamba zaidi ya vifo 60 katika kila 100 vya mahali pafinyu vilikuwa vya watu waliokuwa wakijaribu kuokoa wenzao. Itafakari hesabu hiyo polepole. Waliokufa kwa kazi walikuwa wachache kuliko waliokufa kwa upendo.

Hapa ndipo penye ugumu wa swali letu. Watu hao hawakuwa waovu. Hawakuwa wazembe kwa maana tuijuayo. Walikuwa na kile ambacho wazazi na walimu hujitahidi kukipanda katika mioyo ya watoto: huruma, ushujaa, na kusahau nafsi. Mimi sina ulimi wa kuwalaumu, wala sitaki wewe uwalaumu. Lakini twaweza kuuliza kama ushujaa wao ulikuwa umekamilika. Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, alifundisha kwamba ushujaa hukaa katikati ya woga na ujuba. Mwoga hukimbia kila kitu. Mjuba hakimbii kitu chochote, hata kile ambacho mwenye busara angalikiepuka. Na shujaa huogopa yale yapasayo kuogopwa, kwa kadiri yapasavyo, huku akishika lengo lililo jema. Wahenga wetu nao walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hata hivyo methali hiyo haitutoshi hapa, kwa sababu yule abakiye juu si mwoga hata kidogo, na nyumbani kwake hakuna kicheko.

Mtu atasema, "Mwalimu, unafundisha uchoyo. Unamwambia kijana aiokoe ngozi yake." Shutuma hii ina nguvu, nami sitaki kuikwepa kwa hesabu nyepesi ya kwamba maiti mmoja ni heri kuliko wawili. Hesabu hiyo ni kweli, lakini moyo wa mtu haulishwi kwa hesabu. Nauliza hivi: upendo hutafuta nini? Hutafuta heri ya apendwaye. Basi yule aliyelala chini anahitaji nini kutoka kwako? Anahitaji kuvutwa juu, au kupelekewa hewa, au kuitiwa watu wenye vifaa vya kupumulia. Mambo yote matatu yako juu. Hakuna hata moja lililoko chini. Ukiruka umemnyang'anya mtu wa pekee ambaye angeweza kupiga kelele kwa ajili yake. Na tukisema kweli tupu, kuruka kule mara nyingi humtuliza arukaye, kwa maana kusimama na kutazama ni maumivu yasiyochukulika, na kutenda jambo lolote, hata jambo la bure, huyapunguza. Nani asiyelijua jambo hili katika nafsi yake? Ni vigumu sana kuutenga upendo wa mwenzako na hamu ya kujiondolea uchungu wako, hasa pale ambapo vyote viwili vyakusukuma upande mmoja.

Lakini tusimvike taji upesi huyu abakiye juu. Kubaki juu mikono mitupu si wema. Ni msiba tu wenye mtu wa kuushuhudia. Wema wake hutegemea mambo yaliyofanywa kabla mwenzake hajaweka mguu ngazini. Sheria ya viwanda ya Uingereza ya mwaka 1961 iliagiza kwamba aingiaye mahali penye hewa ya hatari avae mshipi uliofungwa kamba barabara, na mtu mwingine akae nje akilinda, mwenye uwezo wa kumvuta, huku ameishika ncha ya pili ya kamba hiyo. Mimi hupenda kuifikiria kamba ile. Sheria ni kitu kikavu, walakini hapa imechora sura ya urafiki kuliko mashairi mengi: watu wawili, mmoja gizani na mmoja juani, na kitu kimoja kilichowaunganisha tangu asubuhi.

Katika viwanda vilivyotengenezwa vizuri siku hizi mambo huenda hivi. Haingii mtu bila hati ya ruhusa iliyoandikwa siku ile kwa kazi ile. Mabomba yaletayo kitu ndani ya tangi hufungwa, na swichi ya mashine iliyomo hutiwa kufuli, ufunguo ukakaa mfukoni mwa yule aingiaye, asije mtu mwingine akaiwasha kwa kutojua. Kisha hewa hupimwa kwa chombo kiteremshwacho kwa kamba, juu, katikati na chini, kwa sababu gesi nzito hutuama na gesi nyepesi kama methani hupanda. Huangaliwa kwanza oksijeni, halafu gesi ziwakazo, halafu sumu. Feni husukuma hewa safi ndani kwa bomba pana, wala haizimwi wakati mtu yumo. Lakini kamwe isipelekwe oksijeni tupu ya mitungi ya mafundi wa kuchomelea kwa nia ya kuburudisha hewa. Nguo iliyolowa oksijeni hushika moto kwa cheche moja, ikateketea mwilini kabla mtu hajapata kuivua. Juu ya mlango husimamishwa miguu mitatu ya chuma yenye kapi na winchi, ili hata mtu mmoja mwenye nguvu za kawaida aweze kumpandisha mtu mzito aliyezirai.

Naye mlinzi wa mlangoni hukaa. Kazi yake haina sifa. Jua humchoma, inzi humsumbua, wenzake humwita chai, simu hulia mfukoni. Saa nzima hupita bila jambo lolote kutokea, na saa ya pili vilevile, na mtu huanza kuona kuwa analipwa kwa kukaa bure. Kila baada ya dakika chache humwita mwenzake kwa jina, akangoja jibu. Haruhusiwi kwenda kuleta spana, wala kumsaidia dereva kushusha mzigo, wala kuingia ndani kwa sababu yoyote iwayo. Huyu ndiye ninayemwita shujaa, msomaji wangu, ijapokuwa hana jambo la kusimulia jioni. Ushujaa wa kuruka hutaka dakika moja. Wake hutaka siku nzima, na kesho tena.

Sasa tumtazame mtu mwingine, ambaye hayuko chini wala mlangoni, bali ofisini. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu John Scott Haldane wa Uingereza alichunguza hewa za migodini, nyingine akazivuta mwenyewe ili azijue, akashauri wachimbaji wachukue ndege au panya wadogo, kwa maana kiumbe mdogo hupumua upesi na hudhurika kabla ya mtu. Ndege wadogo wa manjano waitwao kanari wakafanya kazi hiyo katika migodi ya Uingereza mpaka mwaka 1986, ilipoamuliwa waondolewe na mahali pao pashikwe na vyombo vya kupimia. Waweza kumhurumia ndege yule, nami namhurumia. Lakini kuna mahali ambapo kanari ni mtu. Msimamizi hutazama kundi la vibarua waliosimama langoni tangu alfajiri, akachagua mmoja, akamwambia, "Wewe, ingia uone kulivyo." Akirudi, basi hewa ni njema. Asiporudi, imejulikana kuwa ni mbaya.

Msimamizi huyo akiulizwa hujibu kwamba kibarua alikubali mwenyewe kwa hiari yake. Hoja hii utaisikia mara nyingi maishani, si katika habari ya matangi peke yake, na inafaa uipime mapema. Hiari ni nini? Mtu akiambiwa ukweli wote, akawa na njia mbili za kuchagua, akachagua moja, hiyo tutaiita hiari. Kibarua hakuambiwa kwamba tangi lilifungwa wiki tatu. Hakuambiwa kutu hufanya nini. Njia yake ya pili ni kurudi nyumbani bila ya unga. Kukubali kwake ni kukubali kwa tumbo, na tumbo si mwanasheria. Sitasema kwamba maskini hana utashi, maana kusema hivyo ni kumdharau mara ya pili. Nasema tu kwamba ndiyo yake haiwezi kumwosha mikono yule aliyekuwa na elimu na fedha na wakati wa kupima hewa, asiipime.

Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imemwagiza mfanyakazi amwarifu msimamizi wake hatari kubwa aionayo kwa sababu za haki, wala mwenye kiwanda hana ruhusa ya kumrudisha mahali pale mpaka hatari iondolewe. Ni haki njema, nawe uijue. Lakini haki iliyoandikwa hutaka ulimi wa kuitamka, na ulimi wa kijana mbele ya mtu mzima ni mzito, hasa kwetu sisi tuliofundishwa kuwastahi wakubwa. Wala si lazima adabu iachwe. Kusema, "Mzee, nitaingia, lakini naomba tupime hewa kwanza, na mtu mmoja anishikie kamba," si ujeuri. Mzee akikasirika kwa neno hilo, hasira yake imekupa habari juu ya tangi lile ambayo chombo cha kupimia kisingekupa.

Pengine utajikuta mahali pasipo na winchi wala chombo, kwenye kisima cha jirani, na mtu amekwisha kuanguka. Piga kelele, ita watu, waite zimamoto. Mrushie kamba ikiwa angali na fahamu za kuishika. Peleka hewa chini kwa chochote kiwezacho kuisukuma. Usijifunge kitambaa chenye maji puani ukashuka. Kitambaa hakitengenezi oksijeni. Usitegemee mshumaa, kwani huzimika kweli oksijeni ipunguapo, lakini hauna habari na gesi ya uozo, na penye methani utalipua shimo zima. Na atakayetaka kuruka, mshikeni, hata akiwatukana, hata akiwa ni ndugu yake aliyeko chini. Hasa akiwa ndugu yake.

Huenda mtu yule akafa. Lazima niliseme hili, kwa sababu vitabu vya maadili hupenda kumlipa mwema kabla ya ukurasa kwisha, na dunia haina desturi hiyo. Huenda ukafanya yote yaliyopasa na zimamoto wakachelewa, akatolewa maiti. Siku ya matanga mama yake atakutazama, na jamaa mmoja atauliza kwa sauti, "Nawe ulikuwa wapi? Mbona hukuingia?" Sina jibu la kukupa ambalo litamtosha mama yule siku ile. Lakini sisi wengine tulioketi mkekani tuna la kufanya. Twaweza kumnyamazisha muulizaji, tukaligeuza swali lake lielekee kwingine: kwa yule aliyemtuma marehemu chini asubuhi ile, tumuulize kamba ilikuwa wapi.